Naisenya na Nyasi za Watu Wote

Kabla ya mapambazuko, kijiti kinakwaruza ndani ya kibuyu: krr, krr. Naisenya Kuntai anasafisha kibuyu cha maziwa polepole, asimwamshe mjukuu. Akimaliza anajaza chai kwenye chupa, anachukua panga na kutoka.

Kazi yake iko nje kidogo ya Ewuaso Kedong. Analinda kipande cha ardhi ya umma kilichozungushiwa ua wa miiba. Miaka mitatu iliyopita hapa palikuwa vumbi tupu. Malori ya machimbo ya mawe yalipita popote, na ng'ombe wakamaliza kilichobaki.

"Mvua ilikuwa inakuja, inateleza tu, inaenda na udongo," Naisenya, mwenye umri wa miaka 52, anamwambia mwandishi aliyekuja kumtembelea. "Mimi nimezaliwa karibu na Kitengela. Pale tulipokuwa tunachunga sasa ni viwanda. Nikasema hapa pasiende hivyo."

Yeye na wanawake wenzake walichimba vishimo vya nusu mwezi vya kushika maji, wakapanda nyasi. Leo zinamfika kiunoni.

Lakini mbegu hazijakomaa. Ng'ombe wakiingia sasa, hakutakuwa na mbegu za kupanda upande wa pili wa ardhi hii, ambao bado ni mtupu.

Wamaasai wana olopololi, malisho yanayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Wanawake hawa wameileta desturi hiyo kwenye ardhi ya wote: ndama wanaruhusiwa kona moja, karibu na mlango. Tangu hapo, ndama wamekuwa wengi ajabu.

Asubuhi hii jirani yake, mzee Koinet, amesimama mlangoni na mnyama mmoja.

"Mama Kakenya, nimeleta ndama," anamwambia Naisenya, akimwita kwa jina la mwanawe.

Naisenya anamkagua mnyama kuanzia kwato. "Mzee, hii ndama yako iko na pembe."

"Amekua haraka."

"Na hiyo tumbo? Si ako na mimba?"

"Basi ni ndama wawili," anajibu Koinet, uso mkavu.

Naisenya anacheka mpaka anaegemea mlango, lakini hafungui. Anaenda kukata nyasi zilizoota nje ya ua, kando ya njia, anamwekea ng'ombe rundo zuri. Anapogeuka, Koinet ameshachomoa panga lake mwenyewe na anakata miiba. Anaziba pengo kwenye ua, bila kuombwa.

Lori la mawe linapita mbali, likiufuata ukingo wa ardhi. Dereva, Oyoo, anapunga mkono.

"Huyo nilimpigia kelele mwaka mzima," anasema Naisenya. "Siku moja gari ikamharibikia hapa, nikampa chai. Akaniuliza, 'Mama, hii nyasi ni yako?' Nikamwambia ni ya watu wote, hata yeye. Tangu hiyo siku anazunguka. Na wenzake amewaambia."

Jua likipanda, anasugua suke moja kiganjani, anapuliza makapi na kuuma mbegu. Bado laini kidogo.

"Wiki mbili hivi," anasema, akitabasamu. "Tutavuna, tupande ule upande mwingine. Halafu tunafungua mlango, ng'ombe wa kila mtu waingie."

Anamsindikiza mgeni wake, yule mwandishi, mpaka barabarani, akimtolea miiba iliyomnasa kwenye sketi.

"Urudi siku hiyo tukifungua," anasema. "Uone vile watakula, hata kichwa hawainui."