Karatasi ya Mtakatifu Antoni

Jumapili baada ya misa hapa Nakuru, nilikaa kando ya sanamu ya Mtakatifu Antoni nikiwaandikia wasiojua kuandika. Mtu hutaja alichopoteza, namwandikia karatasi, naye anaitumbukiza kisandukuni. Mbuzi. Kipande cha utambulisho. Ufunguo wa ghala la bwana mzungu.

Mama mmoja wa mashamba ya Lanet akaniambia, "Mwandike mwanangu. Askari alimpandisha lori wakati wa kuvuna mahindi, na mpaka leo sijui aliko."

Katekista aliyesimama karibu akamwambia kwa upole, "Mama, mtakatifu huyu ni wa vitu."

"Nani alimpa kazi hiyo?"

Katekista akaeleza kwamba kijana mmoja alitoroka nyumba ya watawa na kitabu cha Zaburi cha Antoni. Antoni akasali, kijana akakirudisha. Tangu hapo watu humwendea kwa kila kilichopotea.

"Huyo mwizi alirudi mwenyewe?"

"Mwenyewe, na kitabu mkononi."

Mama akaweka kidole juu ya karatasi yangu. "Basi mfute mwanangu. Mwandike yule askari. Ndiye aombewe arudi, aje naye."

Jina hakulijua. Alijichora mstari shavuni kwa ukucha, nami nikaandika: askari mwenye kovu.

Juzi nilimwona sokoni askari mwenye kovu kama lile, akichagua viazi. Kumbe Antoni hachelewi, nikajiambia, aliyechukua amesharudi. Nikatazama nyuma yake, nikangoja kidogo. Hakuna aliyemfuata.