Kamera Ilivyomwona Tusajigwe Akiinama

Katika majaruba ya Ubaruku hakukuwa na mwanamke aliyepandikiza mpunga haraka kama Tusajigwe. Alifika pale kutoka milima ya Rungwe akiwa mke mpya wa Fanueli, na kwa miaka thelathini na moja aliingia matopeni kila Januari, ameinama tangu asubuhi, mkono wa kushoto umeshika fungu la miche, wa kulia unachomeka. Wenzake walimwona mgongo tu, tena kwa mbali. "Huyu kiuno chake kina bawaba," alizoea kusema Blandina, jirani yake na mpandaji mwenzake.

Maumivu yalipoanza, yalikuja kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa. Akiinama, alipata nafuu. Akisimama wima na kutembea, moto uliwaka kiunoni, ukashuka mapajani mpaka kwenye nyayo, na baada ya hatua mia hivi miguu ilikufa ganzi. Akichuchumaa kidogo, au akiinamia usukani wa baiskeli, moto ulizimika. Basi akawa haendi popote bila baiskeli, na baiskeli yenyewe haipandi. Anaikokota tu, ameilalia kama mlevi.

Sasa mweleze mtu hayo akuelewe. Mwanamke anainama jarubani saa tano nzima bila kuguna, halafu anashindwa kutembea kutoka nyumbani mpaka kanisani? Fanueli alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka.

"Mama Joyness, kupanda unaweza, ila kuteka maji ndiko kunakokuuma?"

"Kuteka maji ni kutembea, Baba Joyness. Kutembea ndiko kunakoniua."

"Mgongo gani huo unaochagua kazi?"

Swali hilo lilitoka nyumbani likafika bombani. Tusajigwe akalisikia likirudiwa na wanawake wakidhani bado yuko mbali.

Binti yao Joyness, aliyeolewa Ilula na kuuza nyanya kwa abiria wa mabasi, ndiye aliyesikia redioni kwamba kliniki moja ya Mbeya mjini inapima migongo ya wakulima kwa kamera, bure. Akampigia baba yake, kwa kuwa simu ya nyumba ilikuwa moja, naye ndiye aliyeishika. Fanueli hakukataa. Alitaka kujua ukweli, alisema, na mwezi wa Novemba wakapanda basi la alfajiri.

Aliyewapokea aliitwa Hetal, mtaalamu wa fiziotherapia, mzaliwa wa Mbeya, binti wa muuza mabati ambaye Fanueli alikuwa akimfahamu kwa sura. Alimwamkia Tusajigwe kwanza, ndipo akamwamkia Fanueli. Kisha akamsimamisha mama kwenye zulia la bluu mbele ya kamera mbili zilizosimikwa juu ya vyuma vya miguu mitatu. Kwenye kioo cha kompyuta Tusajigwe akageuka kuwa mtu wa mistari na nukta: nukta mabegani, nukta kiunoni, nukta magotini.

"Inama mama, taratibu, mpaka unapoishia."

Akainama. Viganja vyote viwili vikalala sakafuni. Mtu wa mistari naye akajikunja mara mbili kama kisu cha kukunja. Hetal akacheka kidogo. "Mimi mwenyewe siwezi." Akamwambia akae na kuinuka kwenye kiti mara tano, kisha atembee hadi ukutani na kurudi. Chumba kilikuwa cha hatua kumi. Tusajigwe alikuwa amekaa ndani ya basi kwa saa kadhaa na kwenye benchi tangu wafike. Miguu ilikuwa imepumzika. Moto haukuja. Yeye mwenyewe aliungojea, karibu auombe uje, haukuja.

Mashine ikatoa karatasi. Alama za mwendo: asilimia tisini na mbili.

Hetal hakufurahi. "Kamera inaona jinsi mama anavyosogea," akamweleza Fanueli, maana ndiye aliyenyoosha mkono kupokea karatasi. "Maumivu haiyaoni. Na chumba hiki ni kifupi. Hayo anayosema ya kutembea yananitia wasiwasi. Arudi baada ya wiki tatu, daktari wa mifupa atakuwepo, tumtembeze nje mwendo mrefu, kisha apigwe picha ya uti wa mgongo." Akageuza karatasi, akaandika hayo yote nyuma kwa kalamu, pamoja na tarehe.

Basi la kurudi lilipofika Chimala, Fanueli akasema, "Tisini na mbili. Hata mtoto wa shule akileta hiyo nyumbani, anachinjiwa kuku."

Jumapili akaitoa karatasi baada ya ibada. Akamwonyesha mchungaji, akawaonyesha kaka zake. "Kamera haina ndugu wala adui," akawaambia, na hakuwa anacheka. Alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo, maana kwa miezi mingi alikuwa hajui kama aishi na mgonjwa au na mwongo. Sasa alijua.

Tusajigwe alitegemea hao shemeji zake wamseme, wakamsema. Aliyemkata maini ni Blandina, aliyemfuata mpaka jikoni akamwuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa dada, mbona ulitusumbua hivyo?"

Tangu siku ile Tusajigwe akaacha kuutaja mgongo. Wiki tatu zilipotimia, alikumbusha mara moja tu. "Turudi kufanya nini?" Fanueli akauliza. "Kuzitafuta nane zilizobaki?"

Januari akaingia jarubani kama kawaida. Alitoka nyumbani kabla ya wenzake ili asiwepo wa kumwona akichuchumaa njiani. Mwezi wa pili, mguu wa kulia ukaanza kuburuza kidole. Ndala zikawa zinamvuka bila yeye kujua. Hakumwambia mtu. Wangemwambia nini?

Siku moja saa sita mchana, akipanda kwenye tuta na beseni la miche, mguu ule haukumfuata. Akaangukia majini, kifudifudi. Blandina akacheka. "Gwe Tusa, inuka, usituchezee!" Alipomgeuza ndipo akamwona macho. "Sizisikii," Tusajigwe akasema. "Blandina, miguu siisikii." Blandina akapiga yowe lililofika mpaka kwenye mashine za kukobolea.

Akapelekwa Mbeya siku hiyohiyo. Joyness akaja kutoka Ilula na nguo alizokuwa amevaa barabarani. Picha ikapigwa, na daktari akaeleza kwamba njia inamopita mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo ilikuwa imebana. Mtu wa namna hiyo akiinama, njia inafunguka kidogo; akisimama, inajifunga. Ndiyo maana. Wakampasua. Maumivu yakapungua sana, lakini mguu wa kulia haukurudi, na mkojo ukawa hauzuiliki. Angekuja mapema, daktari alisema, wangeokoa mengi. Hakusema wangeokoa yote.

Hetal alifika wodini siku ya nne. Fanueli alikuwa amesimama kando ya kitanda na chupa ya uji.

"Mama, nilipiga simu mara tatu," Hetal akasema. "Baba aliniambia umepona, unapanda mpunga."

Tusajigwe akamgeukia mumewe.

"Nilisema kilichoandikwa," akasema Fanueli.

"Nilichoandika mimi kilikuwa nyuma ya karatasi. Uligeuza, baba?"

Fanueli akatazama chupa. Hetal naye hakujisamehe, alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Na mimi nilikosea. Ile karatasi ilikuwa yako, mama. Nilimpa mwingine."

Nyumbani wazee wa kanisa walikuja kupatanisha. Fanueli aliomba radhi mbele yao, machozi yakimtoka, na yalikuwa ya kweli. Wote wakamtazama Tusajigwe.

"Nimesikia," akasema. Wakangoja neno la msamaha; yeye akavuta magongo yake, akajikokota ndani.

Fanueli akawa anateka maji, anapika, anafua vitambaa vya mkewe na kuvianika uani bila kujificha. Kijiji kizima kikamsifu. Wanawake waliokuja kumjulia hali walimwambia Tusajigwe kwamba amebarikiwa, waume wa siku hizi hawafanyi hivyo. Aliyasikia hayo wiki baada ya wiki, ameketi kwenye kiti cha plastiki, akijua kwamba jibu lolote wangeliita ukosefu wa shukrani. Blandina pekee hakusifu. Alikuja, akakaa, akachambua mchele pamoja naye.

Baada ya mavuno Tusajigwe akamwambia mumewe kwamba anakwenda kwa Joyness.

"Kwa muda gani?"

"Sijui, Baba Joyness."

Mpaka sasa yuko Ilula, kibandani kando ya lami, anatenga nyanya mbivu na ngumu, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Fanueli huja kila mwisho wa mwezi na kiroba cha mchele. Tusajigwe humkaribisha, humpa chakula, humwuliza habari za watu wote wa Ubaruku, mmoja mmoja. Basi la kurudi likikaribia, Fanueli huuliza kama amwekee nafasi ya pili. Hajawahi kumjibu ndiyo.