Hesabu ya Mbata

Kosa langu lilikuwa dogo, na nusura liniharibie maisha: nilimpelekea baba fomu kabla ya mjomba.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya uhuru. Chuo cha kilimo, huko bara, kilikuwa kimeniandikia kwamba nimepata nafasi ya kusoma kilimo cha biashara kwa miaka miwili: kuendesha shamba, kununua na kuuza mazao, kutunza hesabu za ushirika. Chini ya fomu paliandikwa, "Sahihi ya baba." Mimi na kichwa changu kilichovimba kwa elimu ya shule nikaona basi, neno limekwisha. Baba akatia sahihi, akanirudishia karatasi.

"Mimi nimeandika," akasema, "lakini mwenye neno wamjua."

Nilimjua. Kwetu sisi Wadigo, kwa mila, mtoto wa dada ndiye anayemrithi mjomba, na mjomba ndiye anayebeba mzigo wa mpwawe. Baba alikuwa na minazi yake, lakini wapwa zake walikuwa wameikodolea macho, na angegusa hata mmoja wangempeleka kwa wazee. Ada yangu ilikuwa mkononi mwa mjomba, na chuo kilitaka jibu kabla ya wiki kwisha.

Habari ya ile sahihi ilimfikia mjomba kwake Kinondo kabla yangu. Jumatano alasiri akaja mwenyewe kwetu Ukunda, akaketi mkekani, akavua kofia.

"Shikamoo, mjomba."

Akaiweka kofia gotini kwanza.

"Marahaba. Nasikia baba yako ana mwandiko mzuri."

"Fomu ndiyo iliyosema baba, mjomba. Niwie radhi."

"Na fomu ndiyo itakayolipa?"

Mama aliinamisha uso. Mimi, badala ya kunyamaza, nikafungua daftari. Nilikuwa nimelipigia mstari kwa rula. Ada, nguo, vitabu na nauli kwa miaka yote miwili: shilingi elfu moja mia nne na arobaini. Mshahara wa aliyehitimu, kama tulivyoambiwa shuleni: mia tatu kwa mwezi. Nikamsomea kwa sauti ya kujiamini kwamba miezi mitano ya kazi ingerudisha kila senti.

Mjomba hakujua kusoma wala kuandika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ile kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha sukari wanakupa ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Umeiandika wapi humo?"

Sikuwa nimeiandika. Kazi ile nilikuwa nimekwisha kuikataa moyoni, na kwa hiyo niliihesabu si kitu.

Akamwomba mama kikapu cha mbata, zile nazi zilizokaukia ndani ya vifuu vyake. "Kila mbata ni mshahara wako wa mwezi mmoja kiwandani," akasema. Akapanga ishirini na nne, moja moja, bila haraka. "Hizi hutazipata, kwa kuwa utakuwa darasani." Akaongeza kumi na mbili. "Hizi ndizo ada na makorokoro yako." Zikawa thelathini na sita. "Ukirudi na cheti, kila mwezi utamzidi karani kwa mbata ngapi?"

Nikapiga hesabu huku nimekunja uso. "Moja na nusu."

"Ziondoe basi."

Niliziondoa, nikihesabu miezi kwa sauti, na zilipokwisha nilikuwa nimefika ishirini na nne. Miaka miwili ya kusoma, miwili mingine ya kufukia shimo. Nilimchukia pale, na hasa nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki.

"Fedha taslimu sina," akaendelea. "Nina minazi sitini ya kuweka rehani. Atakayeishika ataangua nazi zote, aziuze, na deni litabaki pale pale. Ukichelewa kulipa, minazi inakwenda. Mla mbuzi hulipa ng'ombe."

"Utaiweka, mjomba?"

"Ukisema niiweke, naiweka leo. Lakini usidhani unanikopa mimi. Mimi ni mtu mzima, kesho keshokutwa natiwa kaburini. Minazi ile ni yenu, watoto wa dada yangu. Si yako peke yako."

Akanyoosha kidevu kuelekea mlangoni, nyuma yangu. Sikuhitaji kuambiwa ni akina nani. Wadogo zangu watatu walikuwa wamekaa kizingitini; niliwasikia wakinong'onezana, wakingoja ruhusa ya kupasua mbata. Mkubwa wao hakuwa ametimiza miaka kumi.

"Waangalie wenzako," mama akaniambia, "kisha useme neno lako."

Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na tamaa, na tamaa ndiyo iliyokuwa kubwa. Nilitaka kile chuo kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Nikaikazia macho fomu iliyokuwa mkekani.

"Nitakwenda," nikasema.

Mjomba akavaa kofia, akainuka kwenda kumtafuta mwenye fedha. Watu wamezoea kunisifu kwamba siku ile nilikuwa na msimamo. Sijamwambia hata mmoja wao kwamba sikugeuza shingo. Nilijua nikiwaangalia wadogo zangu, nitabaki.