Kigari Kisichokuwa na Breki

Dizeli iliyomwagika juu ya vumbi la moto, ikichanganyika na mavi ya mbuzi na damu, hiyo ndiyo harufu ninayoamka nayo hadi leo. Lori lilikuwa limelala ubavu kando ya barabara ya Ngaremara, magurudumu bado yanazunguka, na mbuzi waliobaki hai wanalia kama watoto walioachwa. Mimi nilikuwa ndani, mbele, nimeangukia mlango wa kushoto, mdomo umejaa mchanga. Kaka yangu Galgalo alikuwa ananing'inia juu yangu, kifua chake kimeshikwa na usukani. Nilimwita. Nikamwita tena. Hakujibu, lakini mfukoni mwa shati lake kulikuwa na kitu kinalia, ti, ti, ti, kama kifaranga. Kilikuwa kimchezo chake cha betri, chenye kigari kinachokimbia ndani ya kioo. Kilikuwa kimebonyezwa na kile kishindo, kikaanza mbio upya. Kaka yangu amekufa, na mfukoni mwake gari jingine limeshatokea barabarani, zima, halina hata mkwaruzo, linangoja mtu wa kuliendesha. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na tisa.

Nitaeleza jinsi tulivyofika hapo, maana hapa Isiolo hadithi hii imesimuliwa vingine kwa muda mrefu, na mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, kwa hiyo waliosoma na wenye sauti walisimulia kwa niaba yangu. Tulikuwa tunakaa Bulla Pesa, miaka ya themanini ikianza anza, nyumba ya mabati na ua wa miba, na ng'ombe wetu wakiwa na vijana wa ukoo huko upande wa Archer's Post, kaskazini ya mji. Mama yangu alikuwa na kaka yake, tumbo moja, anaitwa Diba. Huyu alikuwa dereva wa lori la mifugo. Alipeleka mbuzi Nairobi na kurudi na sabuni, blanketi na maneno mengi. Siku moja akarudi na kitu kidogo chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, cha plastiki nyekundu, kina kioo kijivu katikati na vitufe viwili pembeni. Betri zake zilikuwa bapa kama vifungo vya koti. Ndani ya kioo kulikuwa na gari jeusi dogo linalokimbia barabara isiyoisha. Kona zinakuja, magari yanakuja, hata mnyama mwenye pembe anakatiza. Kitufe cha kulia, gari linateleza kulia, mkia wake unafagia barabara. Cha kushoto, linateleza kushoto. Vitufe ni hivyo tu. Cha kusimamisha hakikuwepo.

Sisi watoto wa pale hatukuwa tumeona kitu kama hicho. Televisheni yenyewe tuliisikia tu. Mjomba alikiweka mkononi mwa Galgalo akisema, "Haya mwanaume, tuone kama una damu ya udereva." Galgalo akagonga mara chache, akatulia, na kutoka hapo hakugonga tena. Vidole gumba vyake vilikwenda kama mtu anayehesabu tasbihi kwa haraka. Macho yake hayakupepesa. Kitu chenyewe hakikuwa na taa, ilibidi ukae kwenye mwanga ndio ukione, na jua la Isiolo nalo halina adabu. Kikikaa juani kioo kilikuwa kinageuka cheusi tii, gari linazama gizani, lakini mlio unaendelea. Mara ya kwanza tulilia tukidhani kimekufa. Mama akakichukua, akakifunga kwenye kanga mbichi, akakilaza ubavuni mwa mtungi wa maji, na baada ya muda kioo kikapauka na barabara ikarudi. Toka hapo ikawa kazi yangu. Galgalo alicheza, kikichemka ananipa, mimi nakiuguza mtungini kama mtoto mwenye homa. Nilipenda kazi ile. Hata kusubiri kioo kirudi nilikupenda.

Basi watu wazima wakaanza kuja. Wauza miraa, wachinjaji, hata wazee waliotoka kuswali alasiri walisimama uani kwetu kumwangalia mtoto anavyokwepa. "Huyu anaona kitu kabla hakijafika," mmoja akasema. Wakampa jina, Dereva wa Vidole. Mwenye lori, tajiri mmoja aliyeitwa Guracha, alimwita uani kwake nyuma ya duka, akamkalisha kwenye usukani wa lori lililosimama na kumwambia azungushe. Watu walicheka wakapiga makofi. Mjomba akasema, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikisikia, "Kazi ya dereva ni macho na mikono. Huyu anavyo vyote. Miguu itaota yenyewe." Guracha akacheka mpaka akashika tumbo: "Mfundishe, Diba. Wewe ukizeeka nitakuwa naye." Kuanzia hapo, mjomba alikuwa akiingiza lori uani anampakata Galgalo, anamwachia usukani. Guracha aliona. Hakuna siku alikataza. Mtu asije akaniambia leo kwamba hakujua.

Ile barabara ya kaskazini zamani hizo ilikuwa ya changarawe, yenye mikunjo kama bati. Madereva walikuwa na namna yao ya kuiendesha. Ukienda polepole mikunjo inakutikisa mpaka meno yanagongana na springi zinakatika. Kwa hiyo walikimbia. Ukishika mwendo fulani gari linaacha kutetemeka, linaelea juu ya mikunjo, na usukani unakuwa mwepesi kama karatasi. Hapo ndipo raha ilipo, na kifo pia kinakaa hapo hapo, maana gari linaloelea haligusi chini sawasawa. Breki ukikanyaga ghafla linakwenda linakotaka. Dereva mzoefu anaachia mafuta kidogo kidogo kabla ya kona. Hilo linajulikana na mguu, na mguu haufundishwi na kioo.

Likizo ya shule ilikuwa inaisha. Mimi na Galgalo tulikuwa tumekaa kwa ng'ombe wetu wiki kadhaa, tukinywa maziwa, na mjomba akatupitia kwa lori la mbuzi atupeleke nyumbani. Juu ya mbuzi, kwenye vyuma vya paa la lori, alikaa mtu mmoja tu, Ekai, Mturkana mchunga mbuzi wa Ngaremara, aliyekuwa akisindikiza mzigo. Nilimpenda Ekai kwa sababu alikuwa akimtania mjomba. Kabla hajapanda alisema, "Diba, leo macho yako mekundu kama ya fisi. Umelala lini?" Mjomba, shavu limejaa miraa, akamjibu, "Nitalala ukioa." Wakacheka wote. Tukaondoka, jua la saa nne likichoma vioo.

Tukiwa hatujafika Ngaremara, mjomba akasimama kuangalia tairi. Akateremka, akalipiga teke, akakojoa kichakani, akarudi. Lakini hakurudi kwenye mlango wake. Alizunguka akafungua wa kushoto, akanisukuma katikati. "Dereva wa Vidole," akamwambia Galgalo, "zoea chuma leo. Mimi nichambue miraa yangu." Galgalo akasema, "Abuya, miguu yangu haifiki vizuri." Abuya ndiyo sisi Waborana tunavyomwita mjomba. "Unafika kwenye mafuta, sivyo? Basi. Mbele yako ni mstari tu. Au wewe ni mwanaume wa kwenye kioo peke yake?" Hayo ndiyo maneno. Mvulana wa miaka kumi na miwili huwezi kumwambia hivyo halafu utegemee akatae. Akahama. Mjomba aliwasha yeye, akaingiza gia yeye kwa mkono wake kutoka upande wetu, moja, mbili, tatu, akimwambia kanyaga, achia, kanyaga.

Lori likaanza kuelea. Nakumbuka uso wa Galgalo. Ulikuwa uso ule ule wa kule uani, macho hayapepesi, mdomo umefunguka kidogo. Mjomba akapiga dashibodi, "Umeona! Umeona!" Ekai kule juu akagonga paa kwa fimbo yake, akapaza sauti, "Dereva, punguza! Punguza!" Halafu ikaja kona, na nyuma ya kona ngamia wawili wanavuka wakitembea zao. Galgalo hakukanyaga breki. Alifanya kile alichokuwa amekifanya maelfu ya mara, kulia halafu kushoto, haraka, kwa mikono miwili. Na wallahi aliwakwepa ngamia wote wawili! Mkia wa lori ukafagia barabara kama kule kwenye kioo, ukaendelea kufagia, na mbuzi wote wakahamia upande mmoja. Mjomba aliona kabla yetu. Nilihisi upepo mkono wangu wa kushoto, nikageuka, mlango uko wazi na mjomba hayupo. Alikuwa ameruka. Hakunyoosha mkono kushika usukani, wala hakunishika mimi niliyekuwa nimegusana naye bega kwa bega.

Ekai alifia chini ya vyuma. Mjomba alivunjika kifundo cha mkono, basi.

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nililiona likiharibika. Kikao kilifanyika uani kwa Guracha, haraka haraka, kwa sababu ndugu wa Ekai walikuwa wamekasirika na watu waliogopa damu isije ikazaa damu nyingine. Na desturi ya huku ni kwamba fidia ya mtu hutolewa na ukoo wa yule ambaye mkono wake ulisababisha. Galgalo ni wa ukoo wa baba. Mjomba ni wa ukoo mwingine, wa kwao na mama. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, mkono wa nani ulisababisha, nalo lilikuwa na ng'ombe nyuma yake. Mjomba akasimama, mkono kwenye kitambaa, akasema aliteremka kuangalia tairi, na mtoto akatoroka na lori kwa utundu wa ile michezo yake. Kwamba alilikimbilia, akadandia mlango, akaanguka. Guracha akadakia, "Huyu mtoto tulimkanya mara nyingi." Baba alinisimamisha mbele yao. Nikasema niliyoyaona. Nilisema yote, hadi lile la mwanaume wa kwenye kioo. Guracha akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo: "Mtoto amegongwa kichwa. Anaota. Na ni wa kike, anamlilia kaka yake." Wakaletewa msahafu. Mjomba akauwekea mkono wake mzima na kuapa. Shauri likaisha hapo. Maiti haitoi ushahidi, na asiyekuwepo na lake halipo.

Ng'ombe wetu wakaswagwa wakaenda Ngaremara. Siwalaumu ndugu wa Ekai, walikuwa na haki ya mtu wao. Baba akaanza kukata kuni na kuchoma makaa, mtu aliyezoea kutembea na fimbo na kivuli chake, na mimi nikatolewa shule niuze maziwa ya watu wengine. Aliondoka duniani bado anainamisha kichwa akipita sokoni. Mama nilimfuata jikoni baada ya kikao. Nikamwambia, mama, wewe unajua sisemi uongo. Aliendelea kukoroga chungu. Akasema, "Kabale, mmoja amekwenda. Unataka nimzike ndugu yangu pia?" Na mimi namtaja mama pamoja nao, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwa sababu alijua. Nilipozaa mvulana wangu wa kwanza nikataka kumwita Galgalo, wazee wa ukoo wakakataa. Jina lile lina damu, walisema. Mpaka leo hakuna mtoto katika ukoo wetu anayeitwa hivyo. Mtu alikufa mara moja barabarani na mara ya pili uani kwa Guracha.

Siku hizi barabara ni lami. Kona ya Ngaremara unaipita na chai mkononi na haimwagiki. Wajukuu wangu wana simu, na ndani ya simu kuna magari ya rangi yanayoteleza kona huku yakitoa moshi, sauti zake kama za kweli. Wakianza kucheza natoka nje, sina haja ya kuwaeleza. Guracha ameshazikwa, na huko alikokwenda hakuna wa kumdakia maneno. Lakini Diba yupo. Mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, watu wanampisha njia msikitini. Mwezi uliopita watoto wake walimlipia safari ya Makka, na kama ilivyo kawaida ya anayekwenda kuhiji, alianza kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Akafika kwangu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanywa maji, akasema, "Kabale binti wa dada yangu, nimezeeka. Kama kuna mahali nilikukosea, nisamehe."

Nikamuuliza, "Kama?"

Kijana wake aliyemsindikiza akaingilia, "Dada, mzee anaomba radhi tu, sema umesamehe tuendelee na nyumba nyingine."

"Hii si nyumba ya kupita," nikamwambia. "Mwache mzee aseme alichokosa."

Mzee akainuka, akaegemea bega la kijana wake wakaondoka, na kesho yake nikasikia anawaambia watu kwamba nina moyo mgumu. Sawa, ninao. Lakini kuweka jiwe moyoni na kuapa uongo juu ya msahafu ni mambo mawili tofauti. Sitaki ng'ombe, Abuya. Ng'ombe wale walishakufa wao na vitukuu vyao. Ninachotaka ni kitu kisichokugharimu hata nauli. Safari yako bado, Abuya. Ijumaa hii msikiti utajaa, watu wa ukoo wa baba watakuwepo na wa ukoo wako watakuwepo, nami nitaomba ndugu wa Ekai waje wakae nje wasikie. Simama mbele yao na ule mkono ulioapa nao, useme nani alimweka mtoto wa dada yake kwenye usukani, na nani aliruka. Usiponijibu mimi, uwajibu wao.