Ramani ya Nyumba ya Kamau

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, shule zilipofunguliwa tena hapa Eldoret baada ya vurugu za uchaguzi. Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiingereza, kidato cha pili, na nilikuwa mwoga. Watoto waliotoka kambini, kwa waliofurushwa makwao, walikaa upande wa dirisha, wenyeji upande wa mlango, na katikati nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuivuka. Nikaamua dawa ni kimya. Wiki tatu nzima nikawapa imla na sarufi, na atakayefungua mdomo anapiga magoti. Nilijisifu kwamba darasa langu lina amani.

Kamau ndiye aliyenyamaza kupita wote. Nyumba yao ilichomwa, na mamake alikuwa ameshatuambia kwamba Ijumaa angekuja kumhamisha, kwa kuwa mtoto hana wa kumsemesha.

Mwalimu Nafula, mkuu wa idara yetu, mama asiyemung'unya maneno, alichungulia dirishani akaniita kando. "Mwalimu, hii ni lugha unafundisha ama ni matanga? Wapange wawili wawili, waongee." Nikamwambia watapigana. Akasema, "Kwani saa hii wamepatana?" Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, nami nilikuwa nikificha.

Kesho yake nikawakalisha wakipeana migongo, mmoja wa dirishani na mmoja wa mlangoni. Mmoja aeleze nyumba yao kwa Kiingereza, mwenzake achore, na asipoelewa aulize. Kwa papara zangu nilisahau kwamba Kamau hana nyumba ya kueleza. Nilipokumbuka, alikuwa ameshaanza.

Alieleza geti, ua wa miiba ya kayaba, jiko la mamake. Kiprono, mwenyeji, alichora huku akiuliza: mlango unatazama wapi? Tangi la maji liko upande gani? Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kuungaunga, lakini wenzao wakanyamaza mmoja mmoja kuwasikiliza. Kisha Kiprono akageuza kiti, akampa karatasi.

"Angalia kama nimekosea."

Kamau akaitazama sana. "Umesahau mti wa plamu," akasema, na wakainama pamoja kuuchora.

Nilisimama na chaki mkononi, nikiwatazama. Nimefundisha hadi mvi, na sijaona jambo kubwa kuliko hilo.

Ijumaa mamake alifika. Kamau akamwambia hawezi kuhama, maana Jumatatu ni zamu ya Kiprono kueleza kwao, na yeye ndiye wa kuchora. Mama aliketi kwenye benchi nje ya ofisi akalia, kisha akarudi kambini bila barua ya uhamisho.

Basi mwanangu, wewe unayekwenda kufundisha, usidanganywe na darasa lililotulia. Hofu yako usiifanye sheria ya watoto. Wape la kuulizana, halafu kaa pembeni usikilize. Mungu akulinde, akupunguzie maneno, na akujalie kuona japo mara moja nilichokiona mimi.