Laini ya Mhazini

Mhazini wa kanisa dogo la Mapinga ana mikono mipana ya kulima muhogo, lakini simu huishika kwa ncha za vidole kama sufuria iliyotoka motoni. Namba ya kanisa ya kupokelea pesa haijatoka bado, kwa hiyo sadaka za simu zinaingia kwenye laini yake, iliyosajiliwa kwa jina lake na alama ya kidole chake. Ikilia katikati ya mahubiri hushtuka, hunong'ona, "Bwana nihurumie," kisha huandika daftarini jina la aliyetuma. Redioni wanabishana kama makanisa yatozwe kodi, naye kila akiwasikia huiona nyumba yake ikipigwa mnada.

Jumapili ya mavuno, walipokuwa wakinadi kuku wa sadaka baada ya ibada, Nestori, karani anayefanya kazi Dar, alipandisha dau kuliko wote, akalipa kwa simu. "Mama Mhazini, sadaka haina kodi," akamtania, "lakini kuku wa mnada ni biashara, na kwenye simu muuzaji anasomeka wewe!" Watu wakaangua kicheko. Mhazini akaiweka simu kwenye benchi, akasogea mbali nayo, akajifuta viganja kwenye kitenge.

"Baba Mchungaji," akauliza kwa sauti ndogo, "wakija watu wa kodi, utawaambia pesa hizi ni za kanisa?"

"Mama nawe! Nani aje mpaka huku?" Mchungaji akacheka, akampigapiga begani, akaagiza kuku mwingine aletwe. Mhazini akabaki palepale, anamtazama mdomo, akingoja aseme ndiyo.