Uhusiano Wako na Mfungwa

Mimi ni kea. Naogesha wazee, nawapa dawa, nawachemshia uji, naandika kwenye daftari kwamba wamekula. Kwa miaka mitatu mmoja wa wazee wangu alikuwa Mmarekani mweusi wa Kilburn, hapa London, na Kiswahili chake kilikuwa kikongwe kuliko mimi. Alikiokota Dar es Salaam, alikofundisha hesabu sekondari miaka ya sabini, zama ambazo kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mwenyekiti, ndugu karani, ndugu muuza nyama. Sisi Watanzania wenyewe tulishaacha kuitana hivyo zamani. Yeye hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nikitoka kwangu Edmonton na mabasi mawili, naingia, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba vizuri kabisa, halafu ananiuliza, ndugu, leo mvua imekukuta wapi? Mwezi wa kwanza nilicheka, baadaye nikazoea.

Habari za kwao alinipa kidogo kidogo, mara nyingi nikiwa namkata kucha. Alikuwa chuoni wakati serikali yake inagombania dunia na Warusi, na vijana wanapelekwa Vietnam kwa maelfu. Yeye na wenzake walikataa. Waliandamana, wakapigwa mabomu ya machozi, wakaandamana tena, mpaka baadhi yao wakachoka kubeba mabango. Ofisi moja ya kuandikisha wanajeshi ikachomwa moto. Walidhani haina mtu. Kumbe mlinzi alikuwa ndani, akafa. Mzee wangu ndiye aliyeendesha gari. Mwenzake alikamatwa, yeye akavuka kwenda Kanada, na kutoka huko akafika Dar, na mwisho London na mke ambaye sikumkuta hai. Sikumpa pole. Nilimuuliza yule mlinzi alikuwa na watoto wangapi. Akasema wawili, akavuta mguu wake, hakutaka nimalizie kucha.

Barua ilikuja kutoka hospitali ya gereza moja huko Marekani. Mfungwa fulani ana saratani, siku zake zinahesabika, na amemtaja mzee wangu kuwa mtu anayetaka kuzungumza naye. Simu itakuwa moja, dakika kumi na tano, na itaruhusiwa kwa mke, mzazi, mtoto, kaka au dada tu. Ndani kulikuwa na fomu. Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo nikajaza mimi. Tulipofika penye uhusiano wako na mfungwa nikamuuliza, huyu ni nani wako?

"Ndugu yangu," akasema.

Nikatia alama kwenye kaka au dada. Nikasaini chini kama shahidi, nikaipiga picha, nikaituma kwa simu yangu mwenyewe, maana kiherehere ninacho.

Siku ya tatu yake akanituma kabatini nimletee bahasha, anionyeshe ndugu yake. Ilikuwa picha ya vijana wawili waliowekeana mikono mabegani mbele ya nyumba ya mbao. Mmoja ni yeye, nywele kichaka. Wa pili ni mzungu mwekundu, uso umejaa madoadoa. Nikamuuliza ndugu yako yuko wapi hapa. Akaweka kidole juu ya mzungu.

Makubwa haya. Nilikasirika, sifichi. Jina langu liko kwenye ile karatasi, na kwa kazi yetu ukiandika uongo kwenye fomu unaiaga. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe, maana mtu anayemwita ndugu hata fundi wa bomba, ningeshindwaje kumuuliza, ndugu wa tumbo moja au ndugu wa kikao? Nikamwambia tutaandika leo hii kusahihisha. Akasema tukisahihisha hawatapiga.

Hapo ndipo aliponieleza. Huyo wa pichani ndiye mwenzake aliyekamatwa. Alihojiwa miezi, akaahidiwa kupunguziwa kifungo kama atamtaja dereva. Hakumtaja. Mzee wangu alifundisha, akaoa, akazeeka, na katika miaka yote hiyo hakumwandikia hata mstari mmoja, kwa sababu alikuwa na aibu. Sasa mtu anakufa, na yeye alitaka kumwomba msamaha kwa kukimbia. Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba hana kingine anachokitaka. Sikumwambia sawa. Lakini barua ya kusahihisha sikuiandika.

Kabla ya siku ya simu yenyewe, ofisa wa gereza alipiga kuhakikisha. Ilikuwa mchana, namlisha mzee supu. Nikaweka spika. Ofisa aliuliza kwa adabu mbona majina ya ukoo hayafanani. Mzee akasema baba zao ni tofauti. Hapo hakusema uongo. Ofisa akauliza jina kamili la mama yao. Nikaweka kijiko chini. Nilijua sasa tumekwisha, nikaanza hata kufikiria nitamwambia nini msimamizi wangu.

Mzee akataja jina la mwanamke, la kwanza, la kati na la ukoo, akaongeza na mji aliozaliwa, bila kusita. Ofisa akashukuru, akasema simu itakuja Alhamisi.

Nilipomgeukia, alikuwa anafuta mdomo. Akaniambia ndiye mama wa yule mwekundu. Baada ya ule moto mama huyo alimficha yeye, mzee wangu, siku tisa kwenye chumba cha chini ya nyumba, polisi wakija anawakaribisha kahawa sebuleni, juu ya kichwa chake. Ndiye aliyemkabidhi nauli ya Kanada. Yule mlinzi alikuwa anasali na mama huyo kanisa moja, na mama alijua ndiye aliyefia kwenye ule moto. Nikampashia supu.

Alhamisi nilimvalisha shati la kola. Simu ilipolia alinishika mkono, hakuuachia. Sauti ya upande wa pili ilikuwa nyembamba, inavuta pumzi kila baada ya maneno mawili. Nilitegemea watazungumza siasa. Waliulizana habari za magoti. Wakasemana kuhusu mpira wa kikapu, nani aliyekuwa mbovu kuliko mwenzake, na dakika zinakwenda, nami naziangalia kwenye saa ya ukutani, natamani kumfinya. Zilipobaki mbili mzee akasema. Alisema nilikimbia. Alisema nilikuacha pale, nisamehe.

Nikainama kutazama kama simu imekatika.

"Wewe vipi," yule mtu akasema, na hayo nayatoa kwenye Kiingereza chao, "si sisi tuliokutuma ukimbie? Mimi na mama. Kila nilipolala humu ndani nilijua kuna mmoja wetu yuko nje."

Halafu sauti ya mashine ikasema muda umekwisha. Mzee alilia kama mtoto, na mimi nilichelewa kwa mteja wangu wa pili, nikaandika kwenye daftari kwamba foleni ilikuwa mbaya.

Hawakupiga tena. Baada ya wiki mbili na nusu ikaja barua nyingine ya gereza, imeandikwa kwa ndugu wa marehemu. Walimpa pole. Walisema kwa kuwa ndiye wa karibu pekee aliyemo kwenye kumbukumbu zao, wanaomba maagizo yake kuhusu mwili. Kama hakuna jibu, watauzika wenyewe kwenye viwanja vya gereza, kwa namba badala ya jina. Nilimsomea mara mbili. Nilitegemea sasa ataogopa, kwa sababu hii ilikuwa kubwa kuliko simu, na mimi niliogopa kwa niaba yetu sote wawili. Akaniomba kalamu, akakumbuka mikono yake, akanirudishia.

"Andika wewe," akasema. "Andika azikwe kando ya mama yetu."

Nikaandika hivyo hivyo, nikasaini.